Baraza Lilisema Atoe

Haya, jisogezeni, na mwenye kikohozi akimalize sasa hivi, maana hadithi hii sipendi kukatwa.

Hapo zamani, zamani za chumvi kupikwa chunguni kwa kuni na jasho, palikuwa na kijiji kikiitwa Mekosaba. Kisima kimoja cha maji ya chumvi, meko saba, na baraza la wazee saba. Wanawake ndio walioteka maji, ndio walioyachuja, ndio walioyachemsha tangu alfajiri mpaka maji yaishe na chumvi igande chini ya chungu. Wanaume wa baraza kazi yao ilikuwa kuionja. Msicheke. Walitia kidole, wakalamba, wakasema imeiva, wakaenda zao kupumzika.

Na palikuwa na mwiko. Mwanamke mwenye mimba isiyo na mume asisogelee meko, chumvi itakataa. Itakataa kuganda, ibaki majimaji. Nani aliwahi kuiona chumvi iliyokataa? Hakuna, si nyanya zao wala nyanya za nyanya zao. Lakini mwiko ulikuwapo, na mlinzi wake alikuwa mkunga. Akigundua tumbo lisilo na mwenyewe, sharti apeleke habari barazani, la sivyo anavuliwa ukunga.

Mkunga wakati huo alikuwa Bi Kidawa. Nusu ya kijiji ilipita mikononi mwake ikiwa bado inalia. Vidole vyake vilisifika, vilikuwa vinajua kabla ya mwenye tumbo kujua. Siku moja akaja kwake Siwatu, msichana wa miaka kumi na tisa, mpika chumvi wa jiko la tatu, analalamika mgongo. Bi Kidawa akampaka mafuta, akakanda, akakanda, mara vidole vikasimama.

Siwatu akageuza shingo. "Ndivyo, Bi Kidawa?"

"Ndivyo, mwanangu. Miezi miwili."

"Basi nakuomba, nyamaza kwanza. Nipe siku chache nifikiri. Sasa hivi sijui hata ninataka nini."

"Nitanyamaza," akasema Bi Kidawa.

Alinyamaza siku tatu. Siku ya nne mvua ikaloanisha kuni, meko yakafuka moshi tu, chumvi ikachelewa, na watu wakaanza kumtazama mkunga kwa jicho la pembeni. Bi Kidawa akaogopa. Akajifunga kanga, akaenda barazani, akasema. Aliporudi nyumbani alinawa mikono mara mbili na bado hakuweza kula. Nawaambieni hili mapema, ili baadaye asije mtu akasema nilimficha.

Baraza likakaa. Siwatu hakuitwa. Nani amwite? Wanaume saba walizungumzia tumbo la mtu asubuhi nzima, na mwenye tumbo yuko palepale karibu, nyuma ya ua, anachambua mchicha. Wakasema hivi, wakasema vile, mpaka harufu ya mchuzi wa mbuzi ikawafikia kutoka nyumbani kwa Mzee Ngwali, mkubwa wao. Mzee Ngwali akasimama, akakung'uta kanzu, akasema neno moja. Wenzake wakaitikia, wakanawa mikono, wakaenda kula.

Mpiga mbiu, Faki, akapuliza pembe katikati ya kijiji. "Mwenye sikio asikie! Baraza limekaa, baraza limesema! Siwatu binti Mshindo, atoe!"

Kisha na yeye akaenda kula.

Atoe. Atoe nini? Hebu niambieni, ninyi mnaojisifu mnajua Kiswahili. Mtu akikwambia toa, si utamuuliza nitoe nini? Toa kiti. Toa salamu. Toa mguu wako hapo. Neno hili haliendi peke yake, linangoja kitu nyuma yake, na wazee saba wazima, wenye mvi na bakora, walilitupa njiani hivyo hivyo nusunusu. Kama walisahau, ni uzembe. Kama hawakusahau, basi ni ujanja, ili lolote litakalotokea waseme hatukuwa sisi. Bi Kidawa alishuku hilo la pili, na damu ikaanza kumchemka.

Sasa sikilizeni lilivyosikiwa.

Shangazi yake Siwatu, Bi Mosi, ndiye aliyemlea tangu siku ya kwanza. Alikuwa anatwanga, akasikia pembe, akasimamisha mchi hewani. Kwa sikio lake neno lilikuwa wazi kabisa: atoe mimba. Wala hakungoja kuuliza. Akatwaa jembe, akaingia porini siku mbili kutafuta mzizi anaoujua yeye.

Bi Raya, mfinyanzi wa vyungu vya chumvi, alikuwa na mume, nyumba safi, na miaka kumi na sita ya ndoa bila mtoto. Yeye alisikia: atoe mtoto. Azae, ampe mwenye kumtaka. Siku hiyo hiyo akajifunga matambara tumboni chini ya kanga, kidogo tu kwa kuanzia, ili miezi ikifika watu waseme ni wa kwake. Akaanza kutembea ameshika kiuno.

Na Bi Kidawa? Kule Mekosaba mtoto mchanga hukaa ndani siku saba. Siku ya saba mama yake humbeba, huvuka naye kizingiti mbele za watu, humwonjesha chembe ya chumvi, na jina lake hutajwa. Huko ndiko kumtoa mtoto. Mtoto asiyetolewa hana kwao. Bi Kidawa akasema moyoni, afadhali, kumbe wazee wana utu, wamemaanisha azae na amtoe mwenyewe mlangoni, mchana kweupe. Pengine alisikia hivyo kwa sababu dhamiri ilikuwa inamsuta, na alitaka jambo limalizike vizuri ili na yeye apate usingizi.

Siwatu mwenyewe alisikia kitu ambacho hakuna mwingine aliyekisikia. Atoe jina. Jina la mwanamume. Kwani alikosea? Mimba haikuokotwa kisimani! Akanawa uso, akavaa kanga yake nzuri, akashika njia mpaka kwa Mzee Ngwali. Bi Kidawa akamwona anapita, akamfuata nyuma.

Wakawakuta wazee saba wamelizunguka sinia.

"Shikamooni, wazee. Nimeisikia mbiu. Nimekuja kutoa."

Mzee Ngwali akameza tonge. "Kutoa nini?"

"Jina."

Ungeona mikono ilivyokwama kwenye wali! Wote saba wakainamisha vichwa, wakatazama mkeka. Sasa mimi nauliza, kama mwenye kosa alikuwa mmoja, hao sita wengine walikuwa wanatafuta nini mkekani?

"Binti," akasema Mzee Ngwali, "hapa hukuitwa. Hakuna aliyetaja jina."

"Basi niambieni nitoe nini."

"Baraza halirudii neno lake. Umeambiwa utoe, nenda katoe. Huko. Usitusimamie kwenye chakula."

Siwatu akageuka, akapita mlangoni pembeni ya Bi Kidawa bila kumtazama. Bi Kidawa alikuwa amefungua mdomo ili aseme kitu, kitu kikali, kitu ambacho wazee wale walistahili kuambiwa zamani. Akaufunga. Aliogopa tena. Hilo nalo lishikeni.

Siku ya tatu shangazi akarudi kutoka porini, miguu imechanwa na miiba. Akauchemsha mzizi wake, akauchanganya na uji wa mtama, akatia ndimu na sukari guru ili uchungu usisikike. Akampelekea Siwatu bakuli uani. "Kunywa, mwanangu, umekonda." Hakumwambia kitu kingine.

Bi Kidawa aliingia wakati bakuli liko mdomoni. Pua ya mkunga haihitaji kuelezwa. Akalipiga kofi bakuli, uji ukaruka, ukammwagikia Siwatu miguuni.

"Mosi! Unampa bila kumwambia?"

"Na wewe ulimwambia, ulipokwenda kumtaja barazani?"

Lo! Siwatu akawatazama wote wawili, uji unamchuruzika.

"Sitaki kusikia kitu kutoka kwako," shangazi akaendelea kwa hasira. "Mama yake huyu alikuwa na miaka hii hii. Nyonga hizi hizi nyembamba. Mkamwambia vumilia. Nani alimwambia vumilia? Wewe, Bi Kidawa! Akavumilia siku mbili, na siku ya tatu mkanikabidhi mtoto mkononi na maiti kitandani. Mimi sitazika wa pili. Aliye tumboni simjui. Huyu namjua. Huyu nilimtafunia chakula nikamtia kinywani."

Mara akatokea Bi Raya, tumbo la matambara limekwisha kuwa kubwa kuliko jana. "Jamani, punguzeni sauti, mtamshtua mtoto."

"Mtoto gani?" shangazi akafoka.

"Wangu."

"Wako! Toka lini?"

"Tangu mbiu ilipopigwa. Baraza limesema atoe mtoto. Mnagombana nini? Siwatu akae kwangu, ale vizuri, apumzike. Akizaa anipe, arudi mekoni kwake, maisha yaendelee. Kila chungu cha kijiji hiki kimetoka mikononi mwangu, Mosi. Vyote vinajaa. Mimi tu ndiye niko mtupu. Na leo nikuone unamwaga kitu ninachokililia miaka kumi na sita?"

"Na akifa akizaa, utamfinyanga mwingine?"

Hapo Bi Kidawa akaingia kati. "Mosi, mzizi huo nao unaua. Nimewaosha waliokunywa, nawakumbuka kwa majina. Na kuzaa kunaua, sikatai, mama yake Siwatu nilimwosha mimi. Sina pa kujificha. Lakini wewe, Raya, mtoto aliyeingia ndani ya nyumba chini ya matambara siku moja atauliza, na kijiji kizima kitakuwa kinajua jibu isipokuwa yeye. Azae. Amtoe mwenyewe mlangoni, jua linawaka. Mimi nitasimama ubavuni kwake. Atakayemnyoshea kidole nitamkumbusha jinsi alivyozaliwa yeye, na kelele alizopiga mama yake."

"Utasimama? Wewe?" shangazi akacheka kicheko kibaya. "Kama ulivyosimama barazani?"

Basi ikawa vurugu. Huyu anasema atoe mimba! Yule anasema atoe mtoto! Huyu anasema amtoe nje! Kuku wakakimbilia kichakani. Kila mmoja analia, kila mmoja anasema anampenda, na nawaapieni, bila kutia chumvi ingawa hadithi yenyewe ni ya wapika chumvi, hakuna aliyekuwa anadanganya.

Siwatu akafuta uji miguuni kwa ncha ya kanga, taratibu, akamaliza mguu mmoja, akahamia wa pili. Kisha akasema, "Mmemaliza?"

Wakamgeukia.

"Tumbo mmelisema. Mtoto mmemsema. Mlango pia mmeusema. Sijasikia mtu akisema, Siwatu, wewe unataka nini."

"Haya, unataka nini?" wakauliza wote watatu kwa pamoja.

"Nilikuwa nafikiri. Niliomba siku chache tu." Akamtazama Bi Kidawa. "Sikupewa."

Akaingia ndani, akatoka na kikapu. "Kila mmoja anipe alichokuja nacho. Nitakwenda ng'ambo ya mto, pasipo na pembe ya Faki."

Shangazi akafunga mzizi uliobaki ndani ya jani, akautia kikapuni. "Usiunywe peke yako," akasema huku analia. "Tafuta mtu anayejua, akae nawe. Nilikosea kukuficha. Niliogopa ungekataa."

Bi Raya akafungua kanga yake mbele yao, akaanza kuyazungusha yale matambara kuyatoa tumboni, na kumbe hayakuwa matambara. Zilikuwa nguo za mtoto mchanga, moja baada ya nyingine, kofia, kisha mbeleko, alizoshona mwenyewe tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yake. Akachagua mbeleko, akaikunja, akaitia kikapuni. Tumbo lake likabaki bapa mbele ya watu.

Bi Kidawa akatoa kisu chake kidogo cha kukatia kitovu, alichoachiwa na mama yake. Mkunga bila kisu chake ni nani? Lakini akakitoa. "Popote utakapokwenda watakuwa na kisu kichafu," akasema. "Chukua hiki." Alitaka kuongeza nisamehe, akaona neno lenyewe ni dogo mno.

"Nitatoa," akasema Siwatu. "Nitarudi kiangazi cha mwakani." Akajitwika kikapu, akaondoka juani, saa sita ya mchana, na hakuna mzee hata mmoja aliyetoka kumuuliza anakwenda wapi.

Mwaka ukapita. Shangazi Mosi hakupika uji tena, hata wageni aliwapa chai. Bi Raya alikutana na maneno kisimani, tumbo lako limekwenda wapi mwenzetu, naye akajibu, limerudi kwa mwenyewe, akateka maji yake akaondoka. Na Bi Kidawa? Katikati ya mwaka akaja kwake msichana mwingine, mgongo unamuuma. Vidole vikasimama, vikajua. Bi Kidawa akamwambia, "Rudi mekoni, mwanangu. Nenda kafikiri." Akanyamaza siku tatu, akanyamaza miezi mitatu. Yule msichana alichemsha chumvi kila siku, na chumvi iliganda nyeupe pepepe, na wazee saba wakaionja wakasema imeiva. Bi Kidawa alilia siku hiyo kwa uchungu. Mwiko ulikuwa wa bure. Alimtoa Siwatu kwa ajili ya mwiko wa bure.

Kiangazi kikarudi, na Siwatu akarudi. Alikuja kwa njia kuu, kichwa juu, tumbo hana, mtoto mgongoni hana, kikapu mkononi. Wale wanawake watatu wakamkimbilia, na kila mmoja, kabla hata ya kumsalimia, akachungulia kikapu. Mzizi haumo. Mbeleko haimo. Kisu hakimo. Kikapu kitupu.

Pembe ya Faki ikalia. Safari hii baraza halikukawia, na Siwatu aliitwa! Kijiji kizima kikaja, wapika chumvi wakaacha vyungu motoni.

"Ulitoa?" akauliza Mzee Ngwali.

"Nilitoa."

Wazee wakapumua. Lakini mmoja wao, mwembamba mwenye shingo ndefu, hakuweza kujizuia. "Ulitoa nini?"

"Mlichosema."

"Tulisema nini?"

"Mlisema nitoe."

"Ndiyo, lakini nini?"

"Baraza halirudii neno lake, mzee. Mmesahau? Basi hata mimi langu silirudii."

Wanawake wakaanza kuguna huko nyuma. Mzee Ngwali akagonga bakora. "Ewe binti! Una mimba iliyoharibika, au una mtoto mahali, au una nini? Hutagusa chungu mpaka useme. Kijiji kina haki ya kujua!"

"Kina haki?" akasema Siwatu, na sasa sauti ilipanda. "Mwaka jana nilikuja hapa nimenawa uso, nimebeba neno moja, mkaniambia nimewasimamia kwenye chakula. Leo hakuna chakula. Haya, nitasema yote. Ila nataka niseme kwa mpangilio, mambo yalivyoanza. Nianze na jina."

Wazee saba, vichwa chini, wakaanza tena kutafuta kile kitu chao mkekani.

"Jina!" akapaza sauti Bi Kidawa. Ndiyo, Bi Kidawa, yule yule, amesimama mbele ya watu. "Mwacheni aseme! Na mimi nina langu. Mwiko huu ni uongo. Mwaka huu mmekula chumvi iliyopikwa na mwenye mimba isiyo na mume, miezi mitatu, mkalamba vidole. Nivueni ukunga kama mna mwingine!"

Mzee Ngwali akakohoa, akakohoa tena. Akasema mambo yamepita, tusichimbue, baraza lina huruma. Akamnong'oneza Faki. Faki akapuliza pembe. "Mwenye sikio asikie! Baraza limesema! Siwatu binti Mshindo, arudi!"

"Arudi wapi?" akapiga kelele mwanamke mmoja. Wote wakadakia, "Arudi wapi? Maliza neno lako, Faki!"

Faki akamtazama Mzee Ngwali, Mzee Ngwali akatazama kando. "Arudi mekoni," akasema Faki, jasho linamtoka. "Jiko la tatu. Leo hii."

Jina halikutoka siku ile. Siwatu alilibakiza kinywani, na tangu hapo kila alipopita njiani wazee saba ndio walioanza kumsalimia.

Sasa wazee tumewamaliza, tuwaache. Mtanziko wangu hauko kwao.

Siwatu akaketi kwenye jiko la tatu, akawasha moto, akatia maji ya chumvi chunguni. Wale watatu wakaja wakakaa kumzunguka.

"Kile nilichofanya ng'ambo ya mto," akasema Siwatu, "nakibeba peke yangu tangu siku ile, na nimechoka. Nikiwaambia wote watatu, mtaanza kugombana tena kama siku ile ya uji, nani alikuwa sahihi, nami sitaki kuwa ushahidi wa mtu. Nataka kumwambia mmoja tu. Atakaa nacho pamoja nami, asiniambie nilifanya vizuri wala nilifanya vibaya. Nyote mlinipa kitu. Nyote mlinikosea. Semeni."

Shangazi Mosi akasema, "Mimi ndiye mama uliyemjua. Nilichanwa na miiba siku mbili kwa ajili ya uhai wako, si kwa ajili ya aibu ya mtu. Nilikuficha, ndiyo. Lakini kati yao wote, ni mimi peke yangu niliyekuwa nakuwaza wewe na si mwingine. Kama ulikunywa, sitakulaumu. Kama hukunywa, ukaingia hatarini bila mimi kushika mkono wako, nalo nataka kulijua, nililie."

Bi Raya akasogea mbele. "Mimi nilimtaka mtoto kabla ya kukutaka wewe. Sioni haya kusema, ndio ukweli. Lakini ulipoondoka nilibaki na tumbo bapa mbele ya kijiji, nikachekwa, na sikukutaja kwa ubaya hata siku moja. Na kama yuko mahali, Siwatu, kama yuko tu, amefungwa ile mbeleko yangu au ya mtu mwingine yeyote... Sitamfuata. Nataka kujua kama nilale nikimwombea au nisimwombee."

Zamu ya Bi Kidawa ikafika. Alikuwa amekaa ameficha mikono yake kwapani, na Siwatu akaiona.

"Mbona umeficha mikono, Bi Kidawa?"

"Kwa sababu inaweza kujua, mwanangu. Nikikukanda mgongo mara moja tu, nikishuka kidogo, itajua kama ulizaa au hukuzaa. Tangu uliporudi hujaniambia nisikuguse. Nimejizuia mwenyewe. Mikono hii ilikujua kabla hujawa tayari kujulikana, ikakuuza. Mimi ndiye mwanzo wa mambo yote haya. Sina cha kudai. Nasema tu kwamba kati ya hawa watatu, ni mimi ninayeweza kulichukua jibu lako bila ruhusa, na sijalichukua."

"Maneno mazuri," shangazi akamkata. "Sasa aliyekuuza ndiye awe msiri wako?"

"Na aliyekupa uji wa kificho?" akasema Bi Raya.

"Na aliyekuhesabu kama chungu cha kufinyangiwa mtoto?" shangazi akamrudishia.

Siwatu akachochea moto. Maji yalikuwa yamepungua sana, povu jeupe limeanza kushika ukingo wa chungu. "Chumvi ikiganda," akasema, "nitamwita mmoja kwa jina lake, na wawili watainuka waende zao bila kinyongo."

Na chumvi ikaganda, nyeupe, haikukataa. Siwatu akafungua mdomo.

Nimewaona ninyi hapo nyuma, mnanong'onezana, alitoa nini, alitoa nini. Mnaotaka kujua hilo, nendeni mkaketi na wale wazee saba, mkekani kwao pana nafasi. Waliobaki nijibuni. Kuna aliyempenda akamficha, kuna aliyetaka kumhifadhi kwa ajili ya kilichomo ndani yake, na kuna aliyemsaliti kisha akaizuia mikono yake. Siwatu amefungua mdomo, chumvi imeiva, na jina ni moja tu. Je, nani alistahili kuambiwa?